Mshenga Stambuli arudi Mlali kuomba radhi

Saa mbili asubuhi, jua limeshapanda juu ya Uluguru, na Stambuli bin Salum anavuka kijito kwenye njia ya Mlali, kanzu kaikunjia magotini, viatu mkononi. Ni mshenga. Vijana wa mjini Morogoro wakitaka kuoa humtuma yeye, maana ulimi wake, wanasema, humtoa nyoka pangoni.

Leo ulimi huo ni mzito. Mwezi uliopita alikwenda kumposea Abasi, mpagazi wa stesheni mpya ya reli ya Wadachi, binti aitwaye Pili. Akamwamkia baba, akamsifu baba, akamkabidhi baba kilemba cha posa. Kumbe kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mjomba mwenyewe, Mzee Kibwana, alikuwa ameketi hapo hapo. Stambuli, mtu wa Bagamoyo, akamdhania jirani aliyefuata harufu ya wali.

Posa ikarudishwa.

"Adabu nilikuwa nayo, heshima sikuwa nayo," anasema. "Adabu ni ya mdomo, hata mnafiki anayo. Heshima ni kumjua mtu na nafasi yake."

Abasi tangu siku ile hali, halali. Na posa ikikataliwa mara ya pili, hakuna ya tatu.

Uani kwa kina Pili, jamaa wote wamekusanyika. Stambuli anamwendea mjomba moja kwa moja, anampa shikamoo, anaanza kuomba radhi huku jasho likimtoka. Mjomba anamkatiza.

"Mgeni wangu, hukunikosea. Siku ile nilikaa gizani, usingeweza kuniona."

Kila aliyepo anajua kwamba alikaa mlangoni, jua likimwakia usoni. Hakuna anayecheka. Kisha mjomba anasema posa imepokelewa, ila Abasi aje kwanza alime nao msimu mmoja mlimani, kama wakwe wote walivyolima.

Njia nzima ya kurudi Stambuli anacheka peke yake. Abasi jembe halijui, atalijua tu. Akimtaja mjomba, anatulia.

"Ile ndiyo staha. Neno hilo nimelitamka miaka yote, leo ndiyo nimelionja."

Ana mabinti wawili, na mkubwa amekaribia kuposwa.

"Mshenga wake akija akanikosea," anasema, "nami nitakuwa nimekaa gizani."