Glasi ya Kwanza ni Povu

Bia yangu natengeneza mwenyewe, nyumbani hapa Kisumu. Ikishaiva naitia kwenye pipa dogo la chuma ndani ya friji, naifungulia gesi kutoka kwa mtungi, na mpira unaipeleka nje hadi kwenye mfereji niliofunga verandani. Miaka yote nilikunywa na jirani wa mlango wa pili. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone haina sumu, kwa hiyo glasi ya kwanza ilikuwa yangu na ya pili yake.

Kisha jirani akaokoka. Sikatai mtu kuokoka, lakini angalau angeniaga. Siku hizi hupita na Biblia kwapani, "Bwana asifiwe, Mzee," bila kupunguza mwendo.

Nikaapa kumwonyesha kwamba naweza kunywa peke yangu na nikafurahi. Bia ikakataa. Kila jioni nikifungua mfereji, povu tupu, glasi nzima. Nikapunguza gesi, bia ikapooza kama maji ya mboga. Nikairudisha gesi. Nikanunua mpira mrefu zaidi pale sokoni Kibuye, nikaukunjakunja ili bia ipunguze kasi. Povu. Nikatukana mtungi, nikatukana friji, na jirani naye nikamtukana kidogo.

Jumapili moja, kwa hasira, niliisukuma glasi ya povu upande wa pili wa meza nikajaza nyingine papo hapo. Ikatoka safi, baridi, na povu la kidole kimoja tu juu. Hapo nikaelewa. Joto la huku linapasha mpira na mfereji. Glasi ya kwanza inavipoza, ya pili ndiyo inafaidi. Hata zamani glasi yangu ilikuwa povu, ila nilikuwa nikipiga porojo, sikuona.

Nikaonja. Sijawahi kutengeneza bia tamu hivyo, lakini nikaiweka mezani bila kuimaliza. Nilimkosa sana yule mtu. Nikaenda kubisha mlango wake.

"Mzee, mimi niliacha," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Najua. Kuja tu tukae. Nitakupikia chai."

Akachungulia verandani kwangu, akaona glasi mbili, moja kila upande wa meza.

"Kumbe uko na mgeni," akasema. "Rudi basi, usimwache peke yake."

Akafunga mlango.