Mara Kumi, Taratibu

Mfagizi wa maabara alimjua mpimaji kwa mikono yake. Kila kichupa cha damu mpimaji huyo alikipindua mara kumi, taratibu, kama anayembembeleza mtoto, akihesabu kwa midomo bila sauti. Hakukitikisa kamwe. "Ukitikisa, kaka, chembe zinapasuka," alimwambia siku moja, "zinazivuruga zile alama ndogo za kwenye vinasaba, zinazotuonyesha saratani kabla uvimbe haujaonekana." Waliotaka kupita mbele ya wenzao aliwajibu, "Hapa sina shangazi wala mjomba."

Leo asubuhi aliingia mama mzazi wa mpimaji. "Nitangulize basi, mwanangu. Mama yako mdogo aligundulika na saratani akiwa kachelewa."

"Foleni, mama."

Zamu ya mama ilipofika, mpimaji alimtoa damu kama wengine, akaanza kukipindua kichupa. Alifika saba, akasita, akaanza upya. Alifika tano, akasita tena. Mfagizi akaacha kufagia.

"Nihesabie, kaka," mpimaji akasema bila kugeuka. "Kwa sauti."

Mfagizi, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kupaza sauti humo ndani, akakohoa kidogo, akahesabu mpaka kumi.