Taa ya Chai ya Mzee Dilip

Saa mbili asubuhi, duka la vipuri vya cherehani karibu na soko la Morogoro limeshafunguliwa, lakini mwenye duka hauzi. Mteja anasubiri sindano zake. Dilip, mwenye umri wa miaka 61, amezishika mkononi huku macho yakiwa kwenye kijitaa kilichofungwa juu ya rafu ya nyuzi.

Kijitaa kinawaka kijani.

"Haya mama, ulisema ngapi?" anauliza, sasa akiwa mtu wa kawaida.

Taa hiyo ina maana moja tu. Nyumbani kwake Mafiga, mkewe Urvi ametungua sufuria ya chai kwenye ndoano. Ameamka na amesimama kwa miguu yake.

Urvi anasumbuliwa na kizunguzungu. Mwaka juzi alianguka bafuni, akabaki sakafuni hadi mumewe aliporudi kula mchana. Binti yao wa pekee, Yesha, ameolewa Mwanza. "Tangu siku ile mwili uko dukani, roho iko Mafiga," anasema Dilip.

Elektroniki si kazi yake. Ni ugonjwa wake, anasema mkewe. Alianza kwa kufungua redio mbovu, akahamia kwenye kengele za milango, kisha akajifundisha programu ya kuchorea saketi kwenye kompyuta aliyoiacha Yesha.

Hata hivyo, dawa ya kwanza ya hofu yake aliinunua: kamera ya shilingi 90,000 inayorusha picha za jikoni hadi kwenye simu yake. Alimwambia mkewe ni ya kunasa wezi. Simu akaiegemeza kwenye kaunta, mbele ya kila anayeingia.

Siku chache baadaye, Chausiku, fundi cherehani na mteja wa zamani, alikutana na Urvi sokoni. "Mama Yesha, jana nimekuona umekaa chini jikoni na kanga moja, unachambua mchele," alimwambia kwa nia njema kabisa.

"Nilijiona nimevuliwa nguo pale pale sokoni," anasimulia Urvi. "Jikoni kwangu ndipo mahali pekee ambapo simtengenezei mtu sura. Nikamuuliza mume wangu, hizo picha zinapita wapi kabla hazijafika kwako? Hata yeye hajui."

Kesho yake Dilip alipotazama simu hakuona jiko. Aliona kanga imening'inizwa mbele ya kamera, maandishi yamekaa sawia katikati ya kioo: YA NDANI KWANGU YAACHE NDANI. Wateja waliisoma pamoja naye.

"Nilijibiwa mbele ya watu, na nilistahili," anasema. Kamera iling'olewa jioni ile ile.

Hofu haikung'oka nayo. Dilip akarudi kwenye kompyuta, akitafuta kifaa kitakachojua jambo moja na kubaki kipofu kwa mengine yote. Akakumbuka kwamba Urvi haanzi siku bila chai. Alichora ndoano yenye swichi. Sufuria ikitunguliwa, ishara ya redio inafika dukani bila kupita kwenye mtandao.

"Hata mtu akiinasa, ataambulia nini? Kwamba chai inachemka. Morogoro nzima chai inachemka saa hiyo," anasema huku akicheka.

Safari hii aliomba ruhusa kwanza. Urvi alikubali shingo upande, kwa majaribio.

Wiki ya pili, saa mbili ikapita bila taa kuwaka. Ikafika na nusu. Dilip aliliacha duka mikononi mwa mteja, akadandia bodaboda. Alimkuta mkewe ameketi mbele ya sanamu za miungu yao, anasali, mzima kabisa. Ilikuwa siku yake ya mfungo, na siku hiyo hagusi hata chai. Kwa miaka 34 ya ndoa Dilip ameujua mfungo huo. Alipokuwa akichora, aliusahau.

"Nilitaka kumgombeza," anasema Urvi. "Nikamwona mguu mmoja una kiatu, mwingine ndala ya dukani. Sikujua kama anaogopa hivyo. Nilimhurumia, kwa kweli."

Akakubali taa ibaki, kwa sharti moja. "Nilimwambia, wewe nawe una presha. Ukianguka huko dukani, mimi nitaambiwa na nani?"

Leo chini ya mto wa kiti cha Dilip kuna swichi, na jikoni Mafiga kuna taa inayozimika kiti hicho kikikaa wazi kwa robo saa. Anakiri muda huo haumtoshi kumaliza habari za kijiwe cha kahawa.

Kazi inayofuata iko Matombo, milimani. Magdalena, mkulima wa ndizi anayeleta mzigo sokoni, anataka kifaa kwa ajili ya mama yake anayeishi peke yake ng'ambo ya bonde. Bibi huyo hana habari na chai. "Ila kuku lazima awafungulie, hata akiwa na homa," Magdalena alimweleza. Dilip ameshachora komeo la banda.

"Lakini sifungi waya hata mmoja kabla sijapanda mwenyewe, nikampa bibi shikamoo yake na kumwomba," anasema. "Akikataa, nanunua ndizi zangu nashuka."

Anamsindikiza mwandishi hadi barabarani, bado akieleza habari za komeo, mara simu yake inaita. Sauti ya Urvi inasikika hadi kwa wanaopita.

"Baba Yesha, taa imezimika. Uko wapi?"

"Niko hapa nje, nasindikiza mgeni."

"Basi rudi ukakae, moyo wangu utulie."

Dilip anaaga haraka, anarudi ndani na kukaa.