Stelingi ya Kushoto

Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini kule Komarock. Bwana harusi aliletwa kwa gari la zamani la Kimarekani, jekundu, pua ndefu, injini ikinguruma mpaka vikombe vya chai vikatetemeka mezani. Watu wakakimbilia dirisha la kulia kumsalimu dereva, wakamkuta shangazi wa bibi harusi na kibeti chake. Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshafika upande wa kushoto, namtazama kijana aliyeshika usukani. Akaniuliza, "Mathe, ulijuaje niko huku?"

Tangu siku hiyo situlii. Naosha chombo kimoja mara mbili, naweka chai jikoni nasahau. Basi wacha nikueleze wewe, rafiki yangu, labda nitalala.

Tulikulia Makongeni, kaka yangu na mimi, kwa nyanya. Asubuhi king'ora cha viwandani kilituamsha kabla ya jogoo, halafu ndoo zikaanza kugongana pale bombani. Kazi yangu ilikuwa kuchambua maharagwe, kutoa mawe. Nyanya alikuwa na sufuria moja kubwa nyeusi ya kupikia githeri, mahindi na maharagwe, na harufu yake siku ya Jumapili ilitukuta tukiwa bado njiani kutoka kanisani. Kaka alikuwa fundi wa magari, alifanya kazi gereji ya jua kali iliyokuwa kwenye ploti ya mwenye baa. Yeye ndiye aliyenisomesha.

Mwenye baa alikuwa na mtoto wa kiume, na huyo simfichi jina, anaitwa Dismas. Dismas alinunua gari kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa na farasi wa chuma puani, kwa hivyo mtaa mzima tuliliita Farasi. Injini ilikuwa imekufa. Kaka na fundi mkuu wake wakalitia injini ya lori, silinda nane, na kwa sababu haikutoshea wakakata tundu kwenye boneti, injini ikachungulia nje. Farasi akiwashwa, kuku walitawanyika na mabati yakaimba. Sisi watoto tuliweka viganja kwenye ukuta wa gereji tusikie mtetemo ukipanda mpaka menoni.

Stelingi ilikuwa kushoto, vile wanavyoendesha kwao. Kaka alitaka kuihamishia kulia kama magari yetu. Dismas akakataa. "Ukiihamisha, watu watajuaje imetoka Amerika?"

Basi kaka akaligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Alichukua mfuniko wa sufuria ya nyanya, akakaa kiti cha kulia, akauzungusha kama usukani. Wakifika mitaa ambako hawajulikani, anauachilia, anajishika kichwa kwa mikono miwili. Akina mama barabarani wanapiga kelele, gari liko kasi na dereva amejishika kichwa. Dismas naye ameinama chini huko kushoto akicheka. Mtaani kila mtu aliujua mchezo huo, na mwalimu wetu alisimama mlangoni kuutazama, akisema kijana huyu angefaa kuigiza. Nyanya tu ndiye hakucheka. Alitaka mfuniko wake.

Jumapili moja nyanya alinituma nimpelekee shangazi githeri, kule Kaloleni. Dismas akasema tupande. Nikakaa nyuma na sufuria mapajani, joto lake likipenya kwenye gauni langu la kanisani. Kaka akachukua mfuniko. Tulipoingia Jogoo Road, Dismas alikanyaga mafuta. Ile injini ikalia mpaka sikusikia nilichokuwa nikisema, na nilikuwa nikisema apunguze. Mbele yetu kulikuwa na mtu wa mikate kwa baiskeli.

Nakumbuka mikate barabarani. Nakumbuka mlingoti wa taa umeingia kwenye boneti, githeri imenimwagikia, mkono wangu wa kulia umegeuka vibaya. Dismas alifungua mlango wake akakimbia, hakutazama nyuma. Kaka angeweza kukimbia pia. Alibaki akinivuta mimi. Alinitoa kwa mlango wa kulia, na umati ukamkuta hapo hapo, mtu wa mikate amelala chini amekufa.

Walimpiga, wakamburuta kituoni kabla askari hajafika. Mwenye baa naye akaleta lori lake la pombe, na jua lilipotua Farasi alikuwa kwa wauza vyuma wa Gikomba anakatwa vipande. Nadhani kuna watu walipikia jiko la bati lake.

Kortini mama muuza machungwa aliapa kwamba alimwona kaka akizungusha usukani. Hakusema uongo. Alimwona kweli. Yule simlaumu. Nawalaumu waliojua. Nyanya alikwenda mlango kwa mlango akiomba mtu mmoja tu aseme stelingi ilikuwa kushoto. Mwalimu alimwambia yeye ni mtu wa serikali. Fundi mkuu, aliyelichomelea gari lile kwa mikono yake, alisema halikumbuki vizuri. Gereji yake ilikuwa kwenye ploti ya nani, umeshasahau?

Nikabaki mimi. Kiongozi wa mashtaka aliniambia niinue mkono wa kulia. Plasta ilikuwa imetolewa juzi tu na mkono haukuinuka, nikainua wa kushoto. Akamgeukia hakimu akitabasamu. "Mheshimiwa, shahidi huyu kulia na kushoto hajazijua bado." Korti nzima ikacheka.

Kaka akafungwa. Shule yangu ikaishia hapo. Aliporudi nilikuwa nimeshaolewa, naye alikuwa na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka tulipomzika. Nyanya alifunika sufuria yake kwa sahani mpaka mwisho wake, akakataa kununuliwa mfuniko mwingine. Ukimuuliza, alikujibu, "Sasa najua kwa nini wanauita upande wa kulia."

Gereji ile sasa ni maghorofa ya kupanga. Baa imekuwa kanisa. King'ora sikisikii tena, na watoto wa siku hizi ukiwatajia Farasi wanafikiri unasema mnyama. Mwenye baa alizikwa kwa hotuba, na mwalimu ndiye aliyezisoma sifa zake.

Dismas yuko hai. Harusini alikuwa amekaa meza ya wazee, anatembea kwa fimbo. Hulitazami gari lile zuri, nikamwuliza. Akasema magari ya zamani hayakumbuki sana. Halafu akaninyoshea mkono wa kulia kuniaga, kama anavyofanya kila tukikutana.

Mkono wangu wa kulia haupandi juu ya bega, lakini kusalimia unaweza. Nilimpa wa kushoto. Humpa wa kushoto siku zote, na yeye huushika kwa upole, akinipa pole ya ulemavu.