Mama Dari na mkono wa kushoto wa baba yake

Sebule nzima imefunikwa shuka kuukuu, kuanzia makochi hadi televisheni. Katikati, juu ya jukwaa la mbao lililoegemezwa kwenye mapipa mawili, amesimama mwanamke aliyekilaza kichwa nyuma kama mtu anayesubiri kutiwa dawa ya macho. Mkono wake wa kushoto umeshika brashi pana. Wa kulia ameufunga kiunoni kwa mtandio wake mwenyewe.

"Usicheke," anamwambia mwandishi bila kutazama chini. "Ukicheka na mimi nitacheka, na nikicheka tumeharibu."

Brashi inagusa dari iliyopakwa rojo bichi, inazunguka nusu duara, inainuliwa. Inagusa tena. Anauma meno. Tone la rojo linamdondokea shavuni, analiacha hapo hapo.

Mtaani wanamwita Mama Dari. Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho, na pengine huko ndiko linakopumzika, maana hata watoto wake wakiulizwa mama yuko wapi hujibu, "Yuko darini." Kazi yake ni kupamba dari za nyumba za watu kwa rojo la jasi, chokaa na gundi nyeupe, linalokorogwa mpaka liwe zito kama maziwa mgando. Hulitandaza kwa mwiko, kisha kabla halijakauka hulichora kwa brashi. Likishakauka ndipo rangi inapopita juu yake, kwa rola yenye manyoya marefu inayoingia kwenye kila bonde.

Mchoro wake mkuu unaitwa magamba: nusu duara zinazopandana safu kwa safu, kama mgongo wa samaki. Ukilala kwenye kochi na kutazama juu, huchoki upesi.

Ni kazi inayokula shingo. Inakula na macho pia, kwa sababu rojo halina adabu, hudondoka linapotaka. Amekula jasho la kazi hii tangu kifungua mimba wake ananyonya, na huyo sasa ana ndevu. "Mwezi mzuri napata dari tatu," anasema. "Mwezi mbaya napata simu za kuulizia bei tu. Na siku hizi wengi wanataka dari bapa, nyeupe, isiyo na neno. Mimi sigombani nao. Lakini dari bapa ukiitazama, nayo inakutazama tu."

Dari iliyo juu yake leo si ya kwake. Aliichora baba yake wakati nyumba hii ikiwa mpya, enzi hizo akiitwa fundi na kila mwenye kiwanja. Dari nyingine alizozipamba zimeshushwa moja baada ya nyingine, kila nyumba ilipopata mwenyewe mpya. Hii ndiyo pekee ambayo familia inajua bado ipo.

Nayo ilikuwa pua na mdomo na kutoweka. Bomba la maji lililopita juu yake lilipasuka, na kipande chenye upana wa kitanda, upande wa dirishani, kikaloa na kuanguka. Mwenye nyumba, mama mcheshi muuza samani anayejulikana kwa jina la Mama Pacha, hakupindisha maneno.

"Nilimwambia, fundi, naipenda dari hii, ndiyo iliyonifanya niinunue nyumba. Lakini mimi siwezi kukaribisha wageni chini ya suruali yenye kiraka. Kiraka kikionekana, Jumamosi naita watu wa bodi, wale mafundi wa dari bapa, tunashusha yote."

Mama Dari alikubali kwa moyo mmoja. Magamba ni magamba, alijiambia, na aliyemfundisha ndiye aliyeyachora. Akapachika bodi mpya, akatandaza rojo, akachora vizuri kuliko alivyowahi kuchora popote. Jioni akashuka akiimba.

Asubuhi iliyofuata jua likaingia dirishani kiubavu, na kiraka kikajitokeza kama mtu aliyevaa kanzu ya rangi yake pekee kwenye kundi la watu.

"Niliona kabla hata sijavua viatu," anasimulia. "Mama Pacha alikuwa ameshika kikombe, akanielekeza juu kwa kidevu tu. Bora angenitukana."

Alipima ukubwa wa magamba, yalikuwa sawasawa. Alipima kina cha mistari, sawasawa. Rojo lilikuwa lile lile la baba. Akakuna kichwa hadi kilemba kikamvuka, asione kosa liko wapi. Akafunga vifaa vyake, akaenda nyumbani roho mkononi.

Baba yake anaishi naye. Ni mzee mwembamba, mcheshi, ambaye shingo imemlipiza kisasi: baada ya miaka yote ya kutazama juu, sasa haiinuki kabisa. Anatembea akitazama vidole vya miguu yake, na wajukuu humsalimu kwa kuchuchumaa ili awaone nyuso. Siku hiyo alikuwa akinywa chai. Binti akamweleza yote, na akamwomba amwoneshe jinsi alivyolichora gamba kule darini, kwani yeye alifundishwa zamani ukutani tu.

Mzee akaweka kikombe chini. Akakinyanyua kiganja chake hewani, akakizungusha nusu duara, akakiinua.

"Nikamwambia, Baba, huo ni mkono wa kushoto!"

Anapofika hapa Mama Dari anaacha kusimulia, anacheka mpaka anashika mbavu, halafu machozi yanamlengalenga. Maana katika maisha yake yote hakuwahi kumwona baba yake akitumia mkono wa kushoto. Anakula kwa wa kulia, anaandika kwa wa kulia, hata msumari anaupiga kwa wa kulia. Binti alipokuwa akifundishwa, alifundishwa kwa wa kulia. Na walipofanya kazi pamoja, yeye alikuwa chini akikoroga rojo, na amri ya kwanza ya baba ilikuwa asitazame juu kamwe, rojo lisije likamharibu macho. Alikuwa mtoto mtiifu. Hakutazama.

Mzee mwenyewe analieleza jambo hilo bila kulitia chumvi.

"Nilizaliwa wa kushoto. Nilichapwa nyumbani, nikachapwa na shuleni, mpaka mkono ukajua mahali pake. Huku chini nikawa mtu wa kulia kama watu." Anatabasamu akiitazama sakafu. "Lakini kule juu, mwanangu, nani angenichapa?"

Hapo ndipo kitendawili kikateguka. Kila gamba lina mkia, kijikunjo kidogo kinachobaki pale brashi inapoinuliwa. Mtu wa kulia huuacha mkia wake upande wa kulia, wa kushoto huuacha kushoto. Usiku, chini ya taa, huwezi kuona tofauti. Jua la ubavuni likipita, mikia yote ya mzee inatupa kivuli upande mmoja na mikia ya bintiye upande mwingine. Dari ilikuwa na miandiko miwili.

Mama Dari akajikaza kisabuni. Akakwangua kiraka chake kizuri mpaka kwenye bodi. Akachukua mabaki ya plaiwudi, akayapanga uani na kuanza kujifunza upya kwa mkono ambao maishani mwake ulikuwa umeshika ndoo tu. Magamba ya kwanza yalifanana na masikio ya mbuzi. Baba aliketi kando kwenye kigoda, akiyakagua kwa kuwa yalikuwa chini, mahali anapoweza kuona.

"Alinitesa," anasema. "Nikikosea anasema, 'Mama, huo ni mkono au mwiko wa kupikia?' Na kila nikichoka, wa kulia unajipeleka wenyewe. Ndiyo maana nimeufunga."

Ndivyo tulivyomkuta leo juu ya jukwaa, kifungoni mwa mtandio wake. Anamaliza gamba la mwisho pembeni, linapokutana na la baba yake. Anashusha pumzi, anashuka, na hathubutu kutazama tena leo.

Jumamosi asubuhi rangi imekauka, dari nzima ni nyeupe kama maziwa, na shuka zimeondolewa. Jua lile lile linaingia dirishani kiubavu. Mama Pacha anahama kutoka kona hadi kona, mikono kiunoni. Mlangoni anaingia mzee, ameshikwa mkono na binti yake.

"Shikamoo, Mzee. Karibu kwenye nyumba yako," anasema Mama Pacha.

"Marahaba. Nyumba ni yako, mama. Mimi nimefuata cha juu tu." Anampa mkono, wa kulia. "Nisaidieni mkeka."

Unatandikwa katikati ya sebule. Mzee anavua ndala zake, anakaa, anajilaza chali polepole. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, anaitazama kazi yake. Mama Dari amesimama karibu na mlango, ameshika tama.

Kisha kidole cha mzee kinainuka.

"Pale," anasema. "Karibu na taa. Pale pameharibika."

Mama Dari anaondoa mkono shavuni. Anasogea, anatazama, anatazama tena.

"Baba, pale si mimi. Mimi nimeziba huku, dirishani."

Mzee anakaza macho dirishani, anayarudisha kwenye taa. Halafu mwili wote unaanza kutikisika pale mkekani, na inachukua muda kufahamu kwamba anacheka.

"Kumbe ni mimi! Siku ile ngazi iliteleza. Nilidhani hakuna atakayejua."

Mama Pacha anakwenda dirishani, anainamisha kichwa kulia, anainamisha kushoto, anapanda kwenye kiti. Anashuka akitafuta simu yake. "Ngoja niwaambie wale wa bodi wasijisumbue," anasema.

Mama Dari anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Rojo limeniingia," anasema, ingawa leo hakuna rojo.

Tunamuuliza anapanga nini baada ya hapa. Anasema amebakiwa na nusu mfuko wa jasi, na chumba anacholala baba yake kina plaiwudi tupu juu. Mtu aliyepamba sebule za wengine maisha yake yote, siku hizi akilala chali anatazama mihuri ya kiwandani. Hilo limekuwa likimuuma kwa muda mrefu, na anataka kulimaliza kabla kazi nyingine haijaita.

Mzee, ambaye bado amegoma kuinuka mkekani, amesikia.

"Utanichorea magamba?"

"Magamba, Baba."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Huu wangu. Mikia itakuwa imegeuka, lakini utazoea."

"Nitazoea," anasema mzee, macho yake yakiwa bado juu. "Si nitakuwa nakutazama wewe."