Jasho la Mahindi

Mwaitu, yaani mama yangu, hakuruhusu mtu kuingia shambani saa sita mchana. Jua la Kathonzweni likifika utosini, mahindi yalikunja majani yote yakawa membamba kama vijiti, na shamba zima likaanza kuchakarika ingawa hakukuwa na upepo wowote. "Yamejifunika," alisema. "Usiyachungulie." Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimejaa maringo ya sayansi, kwa hivyo nilimcheka. Lakini wacha niseme ukweli: niliogopa. Ukisimama pale ulihisi umeingia kwenye chumba na watu wote wamenyamaza ghafla kwa sababu yako.

Shuleni tulifundishwa kwamba jani lina vitundu vidogo sana, na maji yanayopandishwa na mizizi hutokea hapo yakiwa mvuke. Jua kali na upepo mkavu huyavuta zaidi. Udongo ukikauka, mmea hufunga vile vitundu na kukunja majani ili ubaki na kidogo ulichonacho. Jioni joto likishuka, hujikunjua. Ndiyo maana kila asubuhi tulikuta mahindi yamefunguka, na mwaitu akiyaamkia kama wageni waliolala salama.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne, na mvua ilikatika mapema. Ikaja asubuhi moja mahindi hayakujikunjua. Jua lilikuwa bado halijatoka, kuna baridi, na shamba limesimama vile vile limejikunja, kimya kabisa. Mwaitu alipita mistari yote.

Nyumbani tulibaki na kibuyu kimoja cha mbegu, kimetundikwa juu ya moshi wa jikoni. Wadogo zangu wawili walikuwa wanaishi kwa uji mwepesi. Kwetu, kula mbegu ni aibu kubwa kuliko kuiba. Hata hivyo mwaitu aliniita kando akaniuliza.

"Wewe ndiwe umesoma. Shamba likipona, tutavuna mbegu nyingine, basi nipike hii watoto wale. Likifa, hii siigusi mpaka mvua ya Novemba. Niambie, litapona?"

Ai! Mama mzima ananiuliza mimi. Ningesema sijui, lakini kichwa kilikuwa kimevimba. Nilichukua mfuko wa nailoni, nikaufunga kwa uzi kwenye jani moja. Mchana nilirudi, katika saa ile ile iliyokatazwa. Mfuko ulikuwa umefanya ukungu, na ndani matone yanateremka.

"Yanatoa jasho!" nilipiga kelele. "Bado yanakunywa, mwaitu! Yako hai!"

Jioni hiyo alizisuuza mbegu zikatoka majivu ya kuzuia wadudu, akazipika. Tulikula tukashiba. Mimi niliongeza sahani.

Kabla ya wiki kuisha, shamba lilikuwa limekauka, jeupe kama karatasi. Muhula uliofuata mwalimu alichuma jani, akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akauweka dirishani. Baadaye tukaona matone. Jani lililokatwa, lisilo na mzizi wala udongo, lilikuwa linatoa jasho lile lile. Kumbe siku ile sikuona mahindi yakinywa. Niliyatazama yakimalizika, nikashangilia.

Sikumwambia mwaitu. Mdomo ulikuwa umeniponza tayari.

Novemba mvua ilinyesha vizuri mno. Kila boma lilitoka na mbegu zake, zimehesabiwa, hakuna wa kumwomba. Asubuhi nilisikia jembe shambani kwetu. Nilimkuta mwaitu amechimba mstari mzima. Alikuwa anainama kwenye kila shimo, anafungua vidole, anafukia kwa mguu, anasogea kwenye linalofuata. Nilikaribia nikatazama kiganja chake. Hakikuwa na kitu.

"Mwaitu, unapanda nini?"

Hakuinua uso. "Shika mstari wako ufukie," alisema. "Watu wanapita."