Kitovu Kilicholala Nyamira

Nilisafiri hadi Nyamira kumsubiri mtoto azaliwe ili nichukue kitovu chake. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingine isiwashtue watu wa nyumbani Wundanyi, lakini kila namna inaishia pale pale. Kwa hiyo nieleze.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na shahada mpya ya baiolojia na kazi ya muda katika maabara ndogo ya Dkt. Moraa, jijini Nairobi. Yeye alishuku kwamba ndani ya kamba ya kitovu, katika ule ute mzito unaoizunguka mishipa ya damu, mna seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini: mfupa, shahamu au gegedu. Seli shina, alisema. Nilizionea huruma tangu siku ya kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaamua.

Shida ilikuwa kuzipata zikiwa hai. Kila kitovu tulicholetewa kutoka wodi za uzazi za jijini kilikuwa kimeoshwa na muuguzi mwenye bidii kwa dawa ya kuua vijidudu, na dawa haijui kuchagua. Tulikata vipande, tukavipanda, tukasubiri, hakuna kilichoota. Sasa lilikuwa limebaki jaribio moja tu. Likishindwa, chumba chetu wangepewa watu wa utafiti wa mahindi, nami ningerudi kusimama nyuma ya kaunta katika duka la mjomba. Kwa bahati mdogo wake Dkt. Moraa, Kwamboka, aliyeolewa upande wa Nyamira, alikuwa amepangiwa upasuaji wa kujifungua katika hospitali ya misheni, na alikubali kututolea kitovu.

"Simama mlangoni," Dkt. Moraa aliniagiza. "Kikitoka, kiingie kwenye chupa moja kwa moja. Kikae baridi, lakini kisigande. Na Mwakio, usifikiri sana."

Alhamisi nilipanda basi nikiwa nimelipakata sanduku la barafu. Ndani mlikuwa na chupa yenye maji ya chumvi na dawa kidogo ya kuzuia bakteria. Hadi Kericho nilifikiria barafu ikiyeyuka. Kutoka Kericho hadi Sotik, katikati ya mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi, nilifikiria barafu ikikataa kuyeyuka na kukigandisha kitovu. Tulipofika Keroka nilikuwa nimeanza kumfikiria mtoto, kwamba huenda akabadili nia.

Mjini Kisii mvua ya alasiri ilinipokea. Nililala kwenye gesti, na asubuhi nikaenda kutafuta barafu katika duka la Mama Hansa, mama wa Kihindi aliyeuza vitambaa upande mmoja na aiskrimu upande wa pili.

"Barafu ya samaki?" aliuliza.

"Si samaki."

"Ya nyama?"

Nilifikiri. Kisayansi, jibu lilikuwa ndiyo. "Nyama kidogo," nikasema.

"Kilo ngapi?"

"Haifiki robo."

Alilitazama sanduku, ambalo lingebeba paja la ng'ombe, kisha akanitazama mimi. "Robo kilo, kula leo leo, kijana. Barafu ya nini?"

Adhuhuri nilikuwa Nyamira, mlangoni pa chumba cha upasuaji, nimevaa gauni la kijani lililonifika magotini. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na sauti yake ilitosha wodi nzima. Sista alitokea na kitovu katika bakuli. Kwa mkono wa pili alishika jagi la dawa.

"Ngoja nikusafishie," alisema kwa upole.

"Tafadhali, Sista. Nakitaka kichafu hivyo hivyo."

Alinitazama kama anayemwona mtu aliyelelewa vibaya, lakini akakitumbukiza kwenye chupa. Nilikaza kifuniko. Nilidhani kazi imekwisha.

Kwenye baraza nilikuta mama mkwe wake Kwamboka, ambaye wote walimwita Magokoro, yaani nyanya. Alikuwa na kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba, tayari kubeba kondo la nyuma akalizike shambani, kama alivyofanya kwa wajukuu wake wote. Kando yake alisimama mwanawe Nyakundi, baba wa mtoto, mkulima wa chai.

"Wewe ndio ule mtu wa Nairobi," Magokoro alisema. "Kitovu ya mtoto wetu inaenda kufanya nini huko?"

"Tunataka kuona kama ina seli zinazoweza kukua, Magokoro."

"Ikue ikuwe nini?"

"Hatujui bado."

"Hujui, na umetoka Nairobi yote hiyo."

Nyakundi alijaribu. "Mama, si Kwamboka alikubali?"

"Kwamboka amekubali kuzaa. Kuzika ni kazi yangu."

Nilianza kueleza kuhusu ute na mishipa, nikajisikia nikitumia neno "maendeleo" mara mbili, nikaacha. Mwishowe ni Kwamboka aliyetuma neno kutoka kitandani kwamba kamba ni ndefu, na watu wazima wanaweza kugawana. Magokoro alikubali kwa sharti moja. Kipande kimoja kingezikwa na kondo. Changu kingeenda Nairobi, lakini kwanza kilale nyumbani, kwa sababu katika boma lake hakuna kitu cha mtoto kilichowahi kwenda ugenini kabla ya kuingia kwao. Sista alitugawia.

Jua likielekea kuzama tulikuwa nyumbani kwa Nyakundi. Wao ni Waadventista, kwa hiyo Magokoro alipika kila kitu mapema kabla ya Sabato kuingia: obokima, ule ugali wa wimbi, na mboga za chinsaga. Nilipotaka kulala na sanduku langu alikataa. Kitu cha mtoto, alisema, hakilali na mgeni. Likaenda jikoni kwake.

Alfajiri niliingia jikoni kabla hata ya kufunga viatu. Sanduku lilikuwa wazi. Barafu ilikuwa kwenye beseni, imepangwa vizuri. Chupa yangu ilikuwa juu ya kigoda, karibu na majivu ya meko yaliyokuwa bado na joto, imefungwa shali ya mtoto. Magokoro alikuwa ameketi karibu nayo.

"Imetoka lini kwenye barafu?" niliuliza.

"Jogoo ya kwanza. Nilisikia baridi, nikafikiria hii mtoto."

"Mtoto yuko hospitali, Magokoro."

"Mwili iko hospitali. Na hii ni ya nani?"

Niliigusa chupa. Ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika. Kichwani niliwaona bakteria wakizaana, watu wa mahindi wakiingiza meza zao, mjomba akinionyesha mahali pa kuweka chumvi. Nyakundi, aliyekuwa tayari amevaa suti ya kanisani, alinikalisha kwenye gunia.

"Daktari, pumua," alisema. "Hata si wewe umezaa."

Kifuniko kilikuwa hakijafunguliwa, na maji hayakuwa na ukungu. Hayo mawili niliyashikilia. Nikairudisha chupa kwenye barafu iliyobaki, Magokoro akinitazama kana kwamba namlaza mjukuu wake mtoni.

"Na mtoto akikohoa?"

"Nitarudi mwenyewe kumwomba radhi."

Ikabaki Sabato. Pikapu ya Nyakundi, ya kubebea majani ya chai, haikuwahi kuwashwa siku hiyo, na kutembea hadi kwenye lami kungemaliza barafu. Sote tulimtazama Magokoro.

"Mgonjwa anapelekwa hata Sabato," alisema. "Hii kitovu ni mgonjwa?"

Nilifikiri kuhusu uaminifu wa kisayansi. "Imekaribia," nikasema.

"Nyakundi, washa gari."

Hadi Keroka Nyakundi aliendesha polepole akiimba nyimbo za kanisani, nadhani ili safari ihesabiwe kuwa ibada. Kwenye stendi ya hapo alinipakia kwenye basi, mimi, sanduku, na mkungu wa ndizi wa Dkt. Moraa.

Jioni, maabarani Nairobi, nilimweleza Dkt. Moraa yote bila kuulizwa, pamoja na ya shali.

"Ingekaa baridi ingekuwa afadhali," alisema. "Lakini haikufunguliwa. Lete."

Tulikiosha kitovu kwa maji ya chumvi mpaka damu ikaisha. Alikipasua kwa urefu na kuitoa mishipa, miwili myembamba na mmoja mpana, kama mtu anayevuta kamba ya suruali ya kulalia. Maabara nyingine huuyeyusha ute kwa kimeng'enya na kuzitoa seli kwa haraka, lakini chetu kilikuwa kimeharibika umeme ulipokatika, kwa hiyo tulifuata njia ya polepole. Tulikata ute vipande kama punje za mchele, tukavipanga kwenye visahani, tukaviacha vishike chini, kisha tukavitonea maji ya virutubisho. Yakizidi, vipande huelea na kazi imeharibika. Halafu kwenye kabati la joto, joto la mwili wa mtu. Kama kuna seli hai, zitatambaa nje zenyewe.

"Sasa tunafanya nini?" niliuliza.

"Hakuna."

Hiyo ndiyo ilikuwa hatua ngumu kuliko barabara zote. Nilikwenda kuchungulia asubuhi, nikaenda tena kuhakikisha kwamba kuchungulia kwangu hakukuharibu kitu. Kila nikibeba kisahani kwenda kwenye hadubini, maji yalicheza. Katikati ya wiki Dkt. Moraa alinikuta nimesimama na kisahani cha pili ambamo vipande vyote vilikuwa vinaelea kama maganda.

"Vilikuwa visahani sita," alisema. "Magokoro ametubakishia sita. Wewe umetubakishia vinne."

Alininyang'anya ufunguo. Siku zile nilizofungiwa nje Kwamboka alipiga simu ofisini kusema mtoto amepiga chafya mara moja, na Magokoro anauliza ile kitu yao imewekwa wapi. Dkt. Moraa akajibu kwamba iko mahali pa joto. Tukasikia Magokoro akiambiwa, kisha neno la kuridhika.

Wiki iliyofuata Dkt. Moraa aliniita. Sikugusa kitu; yeye ndiye aliyeniwekea kisahani. Pembeni mwa kipande kimoja, na cha pili, zilikuwa zimetoka seli nyembamba ndefu, zikitawanyika kama waumini wanaotoka kanisani, kila moja na njia yake. Chumba kilikuwa chetu bado.

"Ndizo zenyewe? Zile ambazo hazijaamua? Au ni seli za kawaida tu?"

"Hatujui. Itachukua miezi kujua. Usiziulize leo."

Nilikwenda safari ile nikiamini kwamba kitu kikichungwa sana hakiharibiki. Sasa nilijua kwamba mimi na Magokoro tulikipenda kitovu kimoja, na kila mmoja wetu nusura akiue kwa kukiangalia. Nilikuwa bado na maswali matatu, na la nne lilikuwa njiani. Nikaondoa jicho kwenye hadubini, nikatoka, nikafunga mlango taratibu, nikaenda kunywa chai.